Kusimamisha Hema Kubwa la Familia Lisilopenywa na Upepo wala Mvua: Mwongozo kwa Wakazi wa Morogoro na Milima ya Uluguru

Hema la familia ni makazi ya muda yanayotegemewa pale mafuriko, maporomoko ya udongo au upepo mkali unapowaondoa wananchi katika nyumba zao. Mkoani Morogoro hitaji hilo limejitokeza zaidi ya mara moja. Kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika wilayani Kilosa, maji yakabomoa nyumba, yakaharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, na kuwalazimu maelfu ya wananchi kuhamia katika kambi za mahema. Januari 2014 mafuriko yalizikumba tena Dumila, Magole na vijiji vya jirani, na barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika baada ya daraja la Dumila kuharibiwa na maji.

Matukio hayo yanafanana katika jambo moja. Hema hutolewa wakati mvua iliyomwondoa mwananchi nyumbani kwake bado haijaisha. Familia iliyokwisha kupoteza nyumba, chakula na nguo haina akiba ya kuihimili hasara ya pili. Hema likianguka usiku au maji yakiingia chini ya magodoro, watoto na wazee ndio huumia kwanza, na kidogo kilichookolewa hupotea.

Mara nyingi lawama hutupiwa turubai kuwa ni jembamba au bovu, ilhali uzoefu wa kambi za dharura duniani kote unaonyesha kuwa sehemu kubwa ya usalama wa hema huamuliwa kabla turubai halijakunjuliwa. Uteuzi wa kiwanja, uelekeo wa hema, uimara wa vigingi na mfereji wa maji ndivyo vinavyoamua iwapo familia italala pakavu. Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa mpangilio, yakizingatia ardhi, mvua na upepo wa Morogoro.

Hema la familia na vipimo vyake

Mahema yanayotumiwa zaidi katika shughuli za misaada hutengenezwa kwa kufuata vipimo vilivyokubaliwa kimataifa na mashirika ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Hema la kawaida la aina hiyo lina chumba kikuu chenye ukubwa wa mita 4 kwa 4, yaani mita za mraba 16, na sebule ndogo mbili, moja kila upande, hivyo eneo lote hufikia takribani mita za mraba 23. Kimo chake katikati ni mita 2 na sentimita 20, na uzito wake hukaribia au kuzidi kilo 50.

Ukubwa huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinavyojulikana kwa jina la Sphere, vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kulala na kukaa, mbali na eneo la kupikia. Chumba cha mita za mraba 16 kwa hiyo hutosha watu 4 hadi 5. Familia yenye watu 8 haipaswi kubanana katika hema moja, kwani msongamano huongeza unyevu ndani na huwafanya watu wagusane na kuta zilizolowa.

Hema la aina hii lina tabaka mbili juu, yaani paa la ndani na turubai la juu linalopokea mvua na jua. Lina pia upindo mpana unaoning'inia chini ya kuta kwa nje, na sakafu ya plastiki. Upindo huo hupuuzwa na wengi, na baadhi ya watu huukata wakidhani ni kitambaa kilichozidi. Kazi yake ni kuziba mwanya uliopo kati ya ukuta na ardhi, na bila upindo huo upepo huingia kwa chini na kuliinua hema zima.

Mvua na upepo wa Morogoro

Mkoa wa Morogoro una misimu tofauti ya mvua. Maeneo ya kaskazini mwa mkoa hupata vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei. Maeneo ya kusini hupata msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kwa sababu hiyo, karibu katika kila mwezi kuanzia Oktoba hadi Mei kuna sehemu ya mkoa inayoweza kupata mvua kubwa.

Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kina kimo cha zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, huongeza tofauti hizo. Miteremko ya mashariki, upande wa Matombo na Kinole, hupokea moja kwa moja pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na baadhi ya maeneo yake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Miteremko ya magharibi, upande wa Mgeta na Mlali, ni mikavu zaidi, lakini sehemu zake za juu zina baridi kali kati ya Juni na Agosti.

Upepo nao hubadilika. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki katikati ya mwaka, na kaskazi hutoka kaskazini mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Zaidi ya pepo hizo za msimu, mabonde ya milimani yana upepo wake. Mchana hewa iliyopata joto hupanda mlima, na usiku hewa baridi huteremka bondeni. Hema lililosimamishwa mchana katika utulivu linaweza kupigwa usiku na upepo unaotoka upande wa pili.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huihesabu mvua inayozidi milimita 50 katika saa 24 kuwa mvua kubwa. Kiasi hicho kikinyesha juu ya hema la mita za mraba 23, lita 1,150 za maji huteremka kutoka paani, sawa na madumu 57 ya lita 20. Maji hayo yote hudondoka kando ya kuta, na yasipotengenezewa njia yatatafuta yenyewe njia ya kuingia ndani.

Uteuzi wa kiwanja

Kanuni ya kwanza ni kukaa mbali na njia ya maji. Kingo za Mkondoa, Ngerengere, Mgeta na mito mingine si mahali pa hema wakati wa mvua, hata kama ardhi yake ni tambarare na laini. Korongo kavu ni la hatari zaidi, kwa kuwa mvua iliyonyesha mlimani inaweza kulijaza kwa muda mfupi ilhali chini hakujanyesha hata tone. Takataka zilizonasa kwenye matawi, mchanga mpya uliotandazwa na majani yaliyolala upande mmoja ni alama za kimo ambacho maji yaliwahi kufikia. Wazee wa eneo husika wanakumbuka alama ambazo macho ya mgeni hayazioni, hivyo ni vyema waulizwe.

Kanuni ya pili inahusu miteremko. Ukanda wa Uluguru una miteremko mikali iliyolimwa kwa vizazi vingi, na udongo wake ukishiba maji huweza kuporomoka. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufikia mji wa Katesh mkoani Manyara na kusababisha vifo na uharibifu mkubwa. Tukio hilo lilidhihirisha kuwa maporomoko yanaweza kuwafuata watu walio mbali chini ya mlima. Hema lisisimamishwe chini ya ukingo uliochongwa, kwenye mdomo wa bonde jembamba, wala mahali penye dalili za ardhi kusogea. Dalili hizo ni pamoja na miti iliyoinama upande mmoja, nyufa mpya ardhini, na chemchemi iliyokuwa safi kuanza kutoa maji ya tope.

Pale ambapo eneo pekee tambarare ni shamba la matuta ya ngazi, kama ilivyo katika baadhi ya vijiji vya Mgeta, hema liwekwe katikati ya ngazi. Ukingo wa nje ni udongo uliojazwa na unaweza kumeguka. Sehemu ya ndani, inayopakana na ukuta wa ngazi ya juu, hupokea maji yanayochuruzika kutoka juu.

Kanuni ya tatu ni mteremko mdogo. Kiwanja kisicho na mteremko kabisa hutuamisha maji, na chenye mteremko mkali huwafanya watu wateleze usingizini na maji yachimbe udongo. Mteremko unaofaa kwa kambi ni kati ya asilimia 1 na 5, yaani ardhi ishuke kati ya sentimita 1 na 5 kwa kila mita moja. Asiye na kifaa cha kupimia anaweza kumwaga ndoo ya maji mahali alipokusudia. Maji yakitembea taratibu kuelekea upande mmoja, mahali hapo panafaa. Yakibaki kama dimbwi, pahamishwe au painuliwe kwa kifusi kilichoshindiliwa.

Hema lisiwekwe pia chini ya miti mikubwa, ambayo matawi yake huweza kuvunjika kwa upepo na ambayo huvutia radi, wala chini ya nyaya za umeme. Vichaka au uzio wa miti mifupi upande wa upepo, ukiwa umbali wa mita kadhaa, hupunguza nguvu ya upepo na kwa hiyo ni msaada.

Hema moja la familia pamoja na kamba zake huhitaji kiwanja cha takribani mita 10 kwa 8. Viwango vya Sphere vinataka nafasi kati ya makazi na makazi isipungue mita 2, na ikiwezekana iwe mara mbili ya kimo cha hema, ili moto ukizuka usirukie hema la pili na ili watu wapite usiku bila kujikwaa kwenye kamba.

Maandalizi kabla ya kusimamisha

Hema lifunguliwe mahali pakavu na vifaa vyote vihesabiwe kwa kufuata karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye kifurushi. Nguzo, vigingi, kamba, nyundo na sakafu ya plastiki vikaguliwe. Mishono iangaliwe dhidi ya mwanga, na tundu lolote litakaloonekana lishonwe kwa uzi imara. Mishono ya turubai la pamba inaweza kusuguliwa kwa nta ya nyuki au mshumaa ili kuziba vitundu vya sindano.

Eneo la hema lisafishwe kwa kuondoa mawe, visiki na mizizi inayoweza kutoboa sakafu. Panapokuwa na muda na nguvu kazi, sakafu ya udongo iinuliwe kwa takribani sentimita 10 juu ya ardhi inayoizunguka, kisha ishindiliwe kama inavyofanywa kwa sakafu ya nyumba. Kazi ya nusu siku ya jembe na chepe katika hatua hii huiepusha familia na miezi ya kulala penye unyevunyevu.

Watu 4 hadi 6 wanatosha kusimamisha hema moja. Ni vyema mmoja wao awe msimamizi anayetoa maelekezo, kwa kuwa kamba zikivutwa na kila mtu kwa wakati wake hema hupinda.

Hatua za kusimamisha

Hatua ya kwanza ni kuamua uelekeo. Upande mwembamba wa hema uelekezwe kule upepo mkali unakotoka, na mlango unaotumika uwe upande wa pili. Upande mpana ukielekezwa kwenye upepo hupokea nguvu kama tanga la jahazi. Miti iliyoinama na maelezo ya wenyeji ndiyo mwongozo bora wa uelekeo wa upepo wa mahali husika.

Hatua ya pili ni kutandaza hema likiwa na milango iliyofungwa kwa zipu au vifungo, kisha kupigilia vigingi vya pembe nne za chumba kikuu. Milango ikiachwa wazi katika hatua hii, haitafungika tena hema litakapokazwa. Ili kuhakikisha pembe ni mraba, umbali wa kukatisha kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala upimwe pande zote mbili. Kwa chumba cha mita 4 kwa 4, vipimo vyote viwili vinapaswa kukaribia mita 5 na sentimita 65. Vikitofautiana, hema limepinda, na kuta zake zitakuwa na mikunjo itakayotuamisha maji.

Hatua ya tatu ni kusimika nguzo, kwa kuanzia na nguzo ya katikati na kumalizia na za pembeni. Chini ya kila nguzo kiwekwe kipande cha ubao au jiwe bapa. Udongo wa Morogoro ukilowa hulainika, na nguzo isiyo na kitako huzama polepole mpaka paa lilegee.

Hatua ya nne ni kukaza kamba. Kamba za pembe zianze, mbili za mkabala kwa wakati mmoja, ndipo zifuate za kando. Kila kamba ifuate mstari wa mshono wa hema ili nguvu igawanyike sawasawa. Paa likamilike bila mkunjo wala bonde, kwa kuwa mahali popote penye bonde maji yatajikusanya na uzito wake utachana kitambaa.

Hatua ya tano ni kuweka turubai la juu. Turubai hilo lisigusane na paa la ndani. Nafasi ya upana wa kiganja kati ya tabaka hizo huruhusu hewa kupita, hupunguza joto la mchana na huzuia maji yaliyopenya tabaka la kwanza yasifikie la pili.

Hatua ya sita ni kutandika sakafu ya plastiki ndani. Kingo zake zikunjwe kuelekea juu kwa sentimita 10 hadi 15, mithili ya beseni, na zisitokeze nje ya kuta. Plastiki inayotokeza nje hupokea maji ya paani na kuyaingiza moja kwa moja chini ya watu waliolala.

Hatua ya saba ni kufukia upindo wa chini. Kifereji chembamba kichimbwe kuzunguka kuta, upindo uingizwe humo na kufunikwa kwa udongo ulioshindiliwa au mifuko ya mchanga. Hatua hii ndiyo inayozuia upepo usiingie chini ya hema.

Vigingi na aina ya udongo

Kigingi hupigiliwa kikiwa kimeinama, kichwa chake kikielekea mbali na hema kwa nyuzi takribani 45, ili kamba ikivutwa isikichomoe. Kipigiliwe mpaka kibaki kichwa tu juu ya ardhi, na kamba ifungwe karibu kabisa na udongo.

Udongo mwekundu wa miteremko ya Uluguru hushika kigingi vizuri ukiwa mkavu, lakini hulegea baada ya mvua ya siku kadhaa. Hapo vigingi viwili vipigiliwe kwa kila kamba ya pembe, kimoja nyuma ya kingine, na viunganishwe kwa kamba fupi. Udongo mweusi wa mbuga katika tambarare za Kilosa hupasuka wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua, hivyo kamba zikaguliwe kila siku na vigingi virefu zaidi vitumike.

Kwenye mchanga kigingi cha kawaida hakifai. Mahali pake utumike mfuko uliojazwa mchanga, au gogo fupi lililofungwa kamba katikati, likafukiwa kwa kulazwa katika shimo la kina cha nusu mita au zaidi. Penye mwamba, kamba ifungwe kwenye jiwe zito lisiloweza kubingirika.

Mfereji wa maji

Mfereji uchimbwe kuzunguka hema mahali ambapo maji ya paani hudondokea, ukiwa na upana na kina cha sentimita 15 hadi 20. Upande wa juu wa mteremko uchimbwe mfereji wa pili, umbali wa hatua chache, wenye umbo la mkuki unaoelekea juu, ili ugawanye maji yanayotoka mlimani na kuyapitisha pande zote mbili. Udongo uliochimbuliwa urundikwe upande wa hema na kushindiliwa kuwa tuta.

Kila mfereji lazima uwe na mwisho. Mfereji usio na pa kutokea ni dimbwi refu linaloizunguka familia. Katika kambi yenye mahema mengi, mifereji ya kaya iunganishwe na mfereji mkuu, na viongozi wa kambi wahakikishe kuwa maji ya hema la juu hayamwagwi mlangoni mwa hema la chini. Maji yaliyotuama huzalisha mbu na kueneza magonjwa ya kuhara, hivyo usafi wa mifereji ni suala la afya ya kambi nzima.

Moto, moshi na hewa

Baridi na mvua huwashawishi watu kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema na kufunga milango. Kitendo hicho huua kwa njia mbili. Kitambaa cha hema hushika moto haraka, na mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala huivuta bila kujua mpaka anapoteza fahamu. Kupika kufanyike nje, katika kibanda cha pamoja kilicho mbali na mahema, upande ambao upepo hauelekezi cheche kwenye turubai. Taa za sola au tochi zitumike badala ya mishumaa na vibatari. Moto ukizuka, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Matundu ya hewa yasizibwe hata usiku wa baridi. Pumzi za watu watano waliolala hutoa unyevu mwingi, ambao hugeuka matone kwenye paa na kudondoka kama mvua ya ndani. Familia nyingi hudhani hema linavuja, kumbe hewa haipiti. Kadhalika, mizigo na magodoro yasiegemezwe kwenye kuta. Kitambaa cha pamba kilicholowa hupitisha maji pale kinapoguswa kwa ndani.

Kabla ya dhoruba na wakati wa dhoruba

Utabiri wa TMA hutolewa kila siku kupitia redio, televisheni na mitandao ya kijamii, na taarifa zake za hali mbaya ya hewa hupangwa kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Taarifa ya ngazi yoyote kati ya hizo ichukuliwe kuwa ni amri ya kukagua hema. Kamba zikazwe, mifereji isafishwe, upindo uongezewe mifuko ya mchanga na nyaraka muhimu zitiwe katika mfuko wa plastiki.

Kamba za katani na pamba hukaza zikilowa, na zisipolegezwa kidogo zinaweza kung'oa vigingi au kuchana turubai. Kamba za nailoni hulegea zikilowa na hivyo hukazwa upya. Mwenye hema anapaswa kujua aina ya kamba alizonazo kabla ya mvua ya kwanza.

Hema halikuundwa kukinga mafuriko. Maji yakianza kupanda, mlio usio wa kawaida ukisikika kutoka mlimani, au mto ukipungua ghafla wakati mvua inaendelea kunyesha juu, familia iondoke mara moja kwenda mahali pa juu au katika jengo imara lililotengwa na uongozi. Upepo ukizidi uwezo wa kamba, watu watoke kwanza, kisha nguzo zishushwe na turubai lilazwe na kuwekewa uzito. Hema lililolazwa linaweza kusimamishwa tena kesho yake, lakini lililopeperushwa halirudi.

Wapiga kambi katika hifadhi ya Uluguru

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hupokea wanafunzi, watafiti na watalii wanaopanda hadi Morningside na vilele vya Lupanga na Bondwa. Kanuni za kiwanja, uelekeo na kamba ni zilezile kwao, lakini kuna tofauti moja. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kukata miti ya nguzo, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na uchimbaji wa mifereji haufai kwa kuwa huanzisha mmomonyoko katika vyanzo vya Mto Ruvu unaohudumia wakazi wa Morogoro, Pwani na Dar es Salaam. Mpiga kambi atumie maeneo yaliyotengwa, achague ardhi yenye mteremko wa asili na abebe nguzo na vigingi vyake mwenyewe. Kibali na maelekezo hupatikana katika ofisi za TFS mkoani.

Utunzaji na muda wa matumizi

Hema la dharura hutengenezwa ili lidumu takribani mwaka mmoja, na jua la tambarare za Kilosa au unyevu wa Matombo huweza kupunguza muda huo. Kwa hiyo hema ni daraja la kuelekea nyumba, na halipaswi kuhesabiwa kuwa nyumba. Familia inayolazimika kukaa muda mrefu inaweza kujenga fremu ya mianzi au mbao juu ya hema na kuezeka kwa nyasi au turubai la ziada, ili jua na mvua visipige kitambaa moja kwa moja.

Hema likishushwa likaushwe kabisa juani kabla ya kukunjwa. Turubai lililokunjwa likiwa limelowa huota ukungu, hunuka na kuoza kwenye mishono. Matope yapanguswe kwa maji safi bila sabuni kali, vigingi na kamba vihesabiwe na kurudishwa kwenye mfuko wake. Hema lililotunzwa linaweza kuhifadhi familia nyingine msimu unaofuata.

Wajibu wa jamii

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Kamati ya kijiji ndiyo iliyo karibu zaidi na mwananchi, na maandalizi yake hufaa kufanyika kabla ya mvua. Maeneo ya juu yenye mteremko unaofaa yaainishwe mapema, yakaguliwe na wazee wanaojua historia ya maji, na vijana wachache wa kila kitongoji wafundishwe kusimamisha hema kwa vitendo katika kipindi cha kiangazi. Wajane, wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu waorodheshwe ili mahema yao yasimamishwe kwanza na yawekwe karibu na huduma za maji na choo.

Mwananchi anayehitaji msaada au anayeona dalili za hatari atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji, ofisa mtendaji wa kijiji au kata, ambao huwasilisha taarifa hiyo katika kamati ya wilaya. Taarifa inayotolewa mapema huwapa viongozi nafasi ya kuchagua kiwanja kizuri mchana. Inayochelewa huwaacha wananchi wakitafuta pa kulala gizani, katikati ya mvua, mahali popote patakapopatikana.